MUULIZE SHANGAZI: Hivi na wanaume nao wanaingia mwezini?

Mwezi huu barua zimenijaa za aina moja na najua zimetokea wapi. Kuna meseji inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mie mwenyewe nimetumiwa na watu wanne, mmoja ni shemeji yangu ambaye ana digrii. Inasema kumegundulika ugonjwa mpya unaitwa Hedhi Kavu, unawapata wanaume wenye mapenzi ya dhati, kila mwezi kuanzia tarehe 22 mpaka mshahara utoke, tumbo la chini linasokota, kiuno kinauma, mtu ananuna bila sababu na anatamani chipsi mayai, na tiba yake ni kukandwa, kutosemeshwa na kuachiwa rimoti. Chini kabisa wameandika tuma kwa watu kumi usipuuzie. Aliyeitunga alikuwa anatania, hilo halihitaji darubini, ila kuna watu hawajacheka hata kidogo, wameshika tumbo. Haya tuanze nao.

*Shangazi shikamoo. Mie ni fundi magari huku Mbagala, nina miaka 34, mke na watoto wawili. Mwezi wa tatu huu ikifika tarehe ishirini na kitu tumbo linanianza hapa chini ya kitovu, linabana linaachia, linabana linaachia, mpaka naingia chini ya gari nalala tu spana mkononi watu wanadhani nafanya kazi. Niliposoma ile meseji nkaona kila kitu ni mimi, hasira ninazo, chipsi natamani, kiuno ndo usiseme. Nkamwonesha mke wangu, akacheka mpaka akakaa chini afu akaenda kumwambia mama yake. Saivi gereji wananiita Mwezini. Shangazi huu ugonjwa upo kweli? Na kama upo naweza kupewa ED, ile karatasi ya daktari ya kupumzika kazi? Naomba usiandike kwamba nipo Mbagala. – Fundi*

Marahaba mwanangu, pole na tumbo. La jina la utani sina dawa, hilo mpaka mwenzio mmoja gereji apate lake.

Hedhi Kavu haipo. Lakini nisikudanganye kwamba huna hata chembe ya mfuko wa uzazi, maana unayo. Sote tukiwa tumboni, wiki zile za mwanzo, tunakuwa na mifereji ya aina mbili, ya kike na ya kiume, bado haijaamuliwa. Mtoto akiwa wa kiume korodani zake changa zinatoa homoni inayoyeyusha ile mifereji ambayo ingekuja kuwa mfuko wa uzazi, ila haiyeyuki yote, panabaki kijifuko ndani ya tezi dume, kwa kawaida hakifiki hata sentimita moja. Wataalamu wa zamani walikiita kwa Kilatini *utriculus masculinus*, kijifuko cha kiume, na wengine wakakiita kabisa mfuko wa uzazi wa mwanaume. Kwa hiyo ukirudi gereji wakikuita Mwezini waambie na wao wanacho. Tatizo ni kwamba hakibani, hakitoi damu, hakijui tarehe. Kipo tu kama swichi iliyobaki ukutani baada ya waya kukatwa.

Sasa tumbo la mwezini lenyewe linaumaje, maana naona unalililia bila kulijua. Mfuko wa uzazi ni msuli, tena msuli wa kazi, ndo huo huo unaosukuma mtoto nje. Mwezi ukiisha bila mimba lile tandiko la ndani linabomolewa na likibomolewa linamwaga kemikali zinaitwa prostaglandini, hizo zinauamrisha msuli ujikamue, unajikamua kweli kweli mpaka unabana mishipa yake mwenyewe ya damu, hewa haifiki, hapo ndipo binti anapojikunja kama embe bichi kwenye chumvi. Nyingine zinafika mpaka kwenye utumbo wa jirani, ndo maana wengine wakiwa mwezini wanaharisha na kutapika, sio deko.

Na hapa kuna kichekesho ambacho nakupa bure ukakisimulie. Hizo prostaglandini aliyezipa jina ni mtafiti wa Sweden, Ulf von Euler, miaka ya 1930. Alizikuta kwenye shahawa. Akadhani zinatoka kwenye tezi dume, ambayo kwa lugha zao inaitwa prostata, akaziita kwa jina hilo. Baadaye ikajulikana kwenye shahawa zinatoka zaidi kwenye tezi nyingine za jirani, na kwamba karibu kila sehemu ya mwili wa binadamu inatengeneza za kwake. Lakini jina lilishaganda. Yaani kitu kinachowakunja mabinti zetu kila mwezi kinatembea na jina la tezi ya mwanaume, na bado mwanaume anataka ED.

Turudi kwenye tumbo lako. Hebu niambie, kuanzia tarehe ishirini unakula nini? Maana mwanzo wa mwezi ni ugali kuku, katikati dagaa, na ikifika hiyo tarehe yako ni maharage mchana, maharage usiku, asubuhi kiporo chake na chai ya rangi, juu yake kinywaji cha kuongeza nguvu cha kwenye chupa ili siku iende. Tumbo lolote litasokota hapo. La pili, na hili usinijibu mie, jibu moyoni, una mkopo wa kausha damu? Unarejesha tarehe ngapi? Utumbo na ubongo vimeunganishwa na mishipa ya fahamu, mtu akiwa na hofu tumbo linajua kabla hata hajasema, ndo maana mtu akiitwa kwa bosi kwanza anaulizia choo kiko wapi. Nimeona watu wazima wanabanwa na tumbo kila ile simu ya marejesho ikiita. Hiyo sio hedhi kavu, ni pochi kavu.

Hasira nazo zina habari yake. Homoni ya kiume haina mwezi, ina siku, inakuwa juu asubuhi inashuka kuelekea jioni, kesho tena. Na kuna mtafiti wa Edinburgh anaitwa Gerald Lincoln, mwaka 2001 aliandika kuhusu kondoo dume wa aina ya Soay, kwamba msimu wa kupandana ukiisha na homoni ikishuka ghafla wanakuwa wakorofi, wanagombana hovyo, wanajiumiza. Akauliza kama na binadamu nao wakishuka hivyo wanakuwa vile vile. Kwa hiyo hasira za mwanaume zimechunguzwa, ila kondoo ndo walitangulia.

Pamoja na utani wote huu nenda dispensari upime choo na mkojo. Maumivu ya miezi mitatu sio ya kuyaacha yaitwe jina la WhatsApp. ED anatoa daktari, na anatoa kwa kitu alichokiona.

*Shangazi yangu shikamoo. Niko Tanga, nina mimba ya miezi minne, ya kwanza. Mie mzima sina hata kichefuchefu ila mume wangu ndo kaharibika. Asubuhi anatapika, anatema mate kwenye kopo, harufu ya kitunguu hataki, juzi kaniomba nimtafutie ndimu na ule udongo wa sokoni. Jana kalala kutwa nzima anasema tumbo linamvuta kama uchungu. Mama mkwe anasema nimemfanyia kitu ili abebe yeye. Na ile meseji kaiweka status. – Mke wa Mgonjwa*

Marahaba mwanangu, na hongera. Hujamfanyia kitu na wala sio Hedhi Kavu, hii yako ni kitu kingine, na hiki kipo. Waganga wa kizungu wanakiita *couvade*, neno la Kifaransa limetokana na kuatamia, kama kuku. Edward Tylor, Mwingereza aliyekuwa anaandika habari za mila za watu, mwaka 1865 alilitumia kwa desturi za jamii ambazo mke akijifungua mume ndo anaenda kulala kitandani na kushika miiko, madaktari wakalichukua kwa waume wanaotapika. Mwaka 1965 wawili wao, Trethowan na Conlon, hukohuko Uingereza, walilinganisha wanaume wenye wake wajawazito na wasio nao, wakakuta wa kwanza wanasumbuliwa zaidi na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na, sijui kwa nini, jino. Kwa hiyo akianza kulalamikia jino usishangae.

Sio ugonjwa wa kuandikiwa sindano na kwa kawaida mtoto akishatoka nao unatoka. Wengine wanasema ni wasiwasi wa kuwa baba, wengine wanasema ni mapenzi, na wako waliopima homoni za kina baba watarajiwa wakakuta nazo zinacheza kidogo. Mie nilikuwa nesi wa wodi ya wazazi kabla ya kuhamia kwenye kalamu, nimeona mengi. Kuna mmoja nimemsahau sura ila shati lake la drafti silisahau, alikuwa amelala kwenye benchi la koridoni kashika tumbo na mikono miwili, mama yake anampepea na kanga, soda imefunguliwa, shangazi mtu anamsugua mgongo, na ndani mke wake mwenye uchungu wa kweli anaambiwa na nesi mwenzangu apunguze sauti. Nilitoka nikamnyang'anya yule kijana soda nikampelekea mkewe. Waliniona sina adabu.

Kwa hiyo mpe ndimu, udongo usimpe, na wewe usile, unaweza kuwa na mayai ya minyoo na hata madini ya risasi. Mama mkwe mwambie Shangazi kasema mwanae anakupenda mno, atanyamaza kwa wiki moja. Ila lile la kulala kutwa msimamishe, akufulie.

*Dada habari za leo. Mimi ni tabibu wa asili, nina dawa ya chango la kiume, ngiri, kiuno, nguvu, mafua sugu na kurudisha mpenzi, chupa moja elfu kumi na tano. Kwa vile wanaume wengi sasa wanaumwa Hedhi Kavu naomba uitangaze dawa yangu kwenye safu yako, tutaangaliana. – Tabibu*

Salama kaka. Hedhi Kavu ina wiki tatu toka itungwe na wewe dawa umeshaichemsha, hongera kwa spidi. Kutangaza sitangazi.

Lakini barua yako nimeiweka makusudi kwa ajili ya hilo neno. Chango tumelikuta, mabibi zetu walilitumia kwa tumbo la chini la kina mama, wengine kwa utumbo, wengine kwa minyoo. Siku hizi limepewa mume, chango la kiume, limekuwa kapu, kila kinachouma kati ya kitovu na mapaja kinatupwa humo na dawa ni chupa moja. Sasa mie nitalimwaga hilo kapu wanaume waone.

Mmo ngiri, utumbo umepenya kwenye ukuta wa tumbo umekuja kukaa kinenani, uvimbe unatokea ukikohoa ukilala unarudi. Hakuna mzizi unaoziba tundu, hiyo inashonwa. Siku ukikataa kurudi, unauma, mtu anatapika na choo hakitoki, utumbo umenyongwa, hapo ni hospitali usiku huohuo. Mmo mawe ya figo, maumivu yanakuja kwa mawimbi kutoka ubavuni yanashuka mpaka kinenani na mtu hapati pozi la kukaa, haya kidogo yanakaribia kumfundisha mwanaume tumbo la mwezini ni nini. Mmo kichocho kwa waliokulia kandokando ya ziwa na mabwawa, mkojo unakuja na damu mwishoni. Mmo maambukizi ya njia ya mkojo, ya tezi dume, na kidole tumbo ambacho maumivu yake yanaanzia kitovuni yanahamia kulia.

Na mmo moja ambalo wavulana wanalificha kwa aibu, korodani kujinyonga, imejizungusha kwenye mshipa wake damu haipiti. Inakuja ghafla, mara nyingi kwa vijana wadogo, wengine wanasema tumbo tu linauma kwa sababu hawawezi kutaja penyewe mbele ya mama. Hapo una kama saa sita za kuiokoa, baada ya hapo matumaini yanapungua kwa kila saa inayopita. Mama ukimwona mtoto wa kiume analia tumbo na anatembea miguu imeachana muulize bila aibu. Na wewe tabibu akija mtoto wa hivyo kwako mtume hospitali, elfu kumi na tano yako iache.

*Shangazi habari za kazi. Mimi ni meneja wa rasilimali watu kwenye kampuni moja Dodoma. Kijana wangu wa stoo kaleta barua ya kuomba mapumziko ya siku tatu kila mwezi kwa sababu ya Hedhi Kavu, kaambatanisha skrinshoti. Wanawake tunao saba na hakuna aliyewahi kuomba hata siku moja. Nimjibuje?*

Skrinshoti sio cheti cha daktari, hilo ndo jibu lake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu, akiwa na cheti. Huyo kijana akiumwa kweli humo ndimo atakapoingilia, mlango upo.

Kinachonikera mie ni hao saba. Hujashtuka kidogo? Wanawake saba, miezi kumi na mbili, hakuna hata mmoja tumbo limemkatalia? Wanakuja wamemeza vidonge wanakaa kwenye viti vyenu vya plastiki. Jirani zetu Zambia mwanamke ana siku moja kila mwezi kisheria, haleti cheti, wanaiita siku ya mama. Japani walishaiweka kwenye sheria ya kazi mwaka 1947. Hispania mwaka 2023, wa kwanza Ulaya. Mjibu kijana, afu uwaulize na hao saba, ila usiwaulize kwenye kikao.

*Anti sasa? Niko Nairobi. Kwa event ya kazi walileta ile mashine ya kufanya wanaume waskie period pains. Wakanibandika vitu kwa tumbo na waya, level tatu nikaanza kucheka ovyo, tano nikashika meza, saba nikaitisha mama yangu kwa jina. Dem mwenye alikuwa ananiwekea alijiwekea nane akaendelea kuchat na simu. Tangu hiyo siku tumbo yangu huniuma kila mwisho wa mwezi. Si hiyo mashine imeniambukiza Hedhi Kavu?*

Haijakuambukiza, imekutia adabu. Ile mashine inapeleka umeme mdogo kupitia ngozini, msuli wa ukuta wa tumbo unabanwa na kuachiwa. Mashine za ukoo huohuo, zikiwashwa kwa kiwango kidogo, zinatumika kutuliza maumivu, hata hayahaya ya mwezini, kwa hiyo yule dada angeiwasha hivyo akiwa mwezini pengine ingemsaidia. Ulichobanwa wewe ni msuli wa juu, sio mfuko wa uzazi maana huna. Hukutokwa damu, hukuhesabu pedi zilizobaki, na kilikuwepo kitufe cha kuzima. Mwenye kifaa cha moyo au kifafa asikubali kubandikwa hata kwa dau.

Tumbo lako la mwisho wa mwezi nenda kasome jibu la fundi hapo juu, ni lilelile, badilisha tu maharage weka githeri. Na kwa kuwa uko huko, nyie VAT kwenye pedi mliitoa mwaka 2004. Sisi tuliitoa 2018 tukairudisha 2019. Mie hilo ndo linanisokota tumbo.

*Shangazi shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kaka zangu waliisoma ile meseji kwa sauti sebuleni wakacheka sana, mimi nilikuwa chumbani nimelala sakafuni kwa sababu sakafu ni baridi na nikilala kitandani natapikia shuka. Ni hivyo kila mwezi siku mbili. Shule matroni ananipa panadol mbili anasema wote tumepitia. Mwalimu wa hesabu anasema naigiza kwa sababu mara mbili imeangukia siku ya jaribio. Mama anasema nivumilie nikizaa litaisha. Shangazi, kuna dawa au nisubiri nizae?*

Marahaba mwanangu. Usisubiri. Kuna dawa.

Hilo la ukizaa litaisha hata mie niliambiwa, na mama yako aliambiwa. Wapo ambao wakishazaa maumivu yanapungua, wapo ambao hayapungui, nimezaa watatu najua niko kundi gani. Lakini kuzaa sio dozi. Hakuna daktari anayemwandikia binti wa kidato cha tatu mtoto.

Nimeeleza juu kwenye barua ya fundi kwamba kinachobana ni prostaglandini. Dawa za jamii ya ibuprofeni zinazuia mwili usizitengeneze, na ubora wake upo kwenye neno zuia. Ukisubiri mpaka umeshalala sakafuni ndo unywe, umechelewa, bomba limepasuka sebule imejaa maji wewe ndo unatafuta koki. Meza mara tu unapohisi linaanza au ukiona damu ya kwanza, ukiwa umekula kitu hata kama ni uji, na endelea kwa saa zilizoandikwa siku hiyo na kesho yake, usingoje mpaka maumivu yarudi. Kiasi gani mwambie mfamasia umri na uzito wako akupangie. Kama una vidonda vya tumbo, pumu au tatizo la figo mwambie kabla, zinaweza zisikufae. Na usichanganye na diklofenaki, ni ndugu hao. Panadol ya matroni sio mbaya ila kwa maumivu haya ni mtoto mdogo katumwa kubeba gunia. Namna hizi dawa zinavyofanya kazi ilijulikana mwaka 1971 kwa John Vane wa Uingereza kwenye aspirini, na mwaka 1982 akapewa Nobeli pamoja na Waswidi wawili, Bergström na Samuelsson, kwa kuzichunguza hizohizo prostaglandini. Watu wamepewa Nobeli kwa hilo tumbo lako, mwalimu wa hesabu anasema unaigiza.

La pili joto. Limepimwa kwenye utafiti likaonekana linasaidia karibu sawa na ibuprofeni, na halina mfamasia. Chukua chupa ya plastiki ngumu, zile nyepesi za maji ya kunywa zinasinyaa ukitia maji ya moto, kizibo kinaachia yanakumwagikia. Tia maji ya moto lakini sio yanayochemka, funga, geuza juu chini uone kama inavuja, izungushie kanga mara mbili, weka chini ya kitovu na kanga nyingine jifunge nayo usiishike kwa mkono. Ikipoa badilisha. Sakafu ya baridi achana nayo. Na siku ukiweza kutembea tembea, hata kuzunguka nyumba.

La tatu daftari. Andika tarehe linaanza, siku ngapi, pedi ngapi, umetapika au la, umekosa shule au la. Miezi mitatu tu. Ukienda hospitali na daftari hawakuambii wote tumepitia. Na nenda, maana binti anayelala sakafuni siku mbili kila mwezi anatakiwa kuonwa. Nenda haraka zaidi kama dawa umeinywa sawasawa na haigusi, kama maumivu yapo hata siku ambazo huna hedhi, kama kwenda haja kubwa kunauma ukiwa mwezini, au damu inajaza pedi kila saa. Kuna ugonjwa unaitwa endometriosi, tandiko linalofanana na la mfuko wa uzazi linaota nje yake, Shirika la Afya Duniani linakadiria unawapata wanawake karibu milioni 190 duniani, kama mmoja katika kila kumi walio kwenye umri wa kuzaa. Wengi wanaugundua baada ya miaka, na miaka hiyo yote walikuwa wanaambiwa wavumilie. Sisemi unao. Nasema waangalie.

Mama yako mpe gazeti hili lifunguliwe ukurasa huu, usimwambie kitu, liache tu mezani. Kaka zako wape kazi ya kuchemsha maji.

Nilikuwa nafunga safu fundi akaniandikia tena, nikaona niiweke.

*Shangazi shikamoo, ni mie fundi. Nilikwenda, wamenikuta na amiba, nimepewa dawa za siku saba, kausha damu nimebakiza marejesho mawili. Ila kuna kitu kimenishangaza. Nilipokuwa nasoma lile karatasi la majibu mke wangu akaniambia na yeye linamsokotaga hivyohivyo kila mwezi toka tunaoana, mwaka wa tisa huu, mie nilikuwa nadhani ananuna. Nkamuuliza mbona hukusema, akasema alisema. Jana nimempelekea chupa ya maji ya moto mpaka chumbani, kaicheka imesinyaa. Gereji nimewaambia daktari kasema ni kitu kikubwa ila ni siri. Asante sana kwa kutosema kwamba nipo Mbagala.*

Marahaba mwanangu. Chupa ngumu, nimeandika hapo juu. Na Mbagala ni kubwa.